Kabange, Ndama Aliyezaliwa Pamoja na Dume

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Banza, kwa sababu ilianza kwa nyimbo. Ng'ombe wetu pekee alikuwa amezaa mapacha, dume na jike, na wanawake wa jirani wakaja kuwaimbia kama wanavyoimbiwa mapacha wa watu. Mama yangu, mjane, aliwapaka udongo mweupe na kuwapa majina tunayowapa watoto wetu: dume Kyungu, jike Kabange. Sisi Waluba pacha tunampenda na kumwogopa kwa pamoja. Hapo ndipo tulipopotea.

Kyungu alikufa angali ananyonya. Mama akasema ng'ombe mkubwa amezeeka, atamuuza, abaki na Kabange atuzalie wengine. Jirani yetu Ilunga, aliyechunga ng'ombe tangu utoto, akaja kumwonya.

"Mama, uite kwanza veterinère, daktari wa ng'ombe, amuangalie. Ndama mwanamuke wa kuzaliwa pamoja na dume, mara mingi hazalake."

"Weye unataka kupima pacha?" Mama alimfokea. "Pacha hapimwake! Utaleta kifo ku nyumba yangu."

Ilunga akavaa kofia yake, akaenda. Ng'ombe mkubwa akauzwa.

Kabange alikua, mwanangu, akawa mnene, mabega mapana kama ya dume. Chuchu zake zilibaki ndogo, na chini ya uke wake mdogo zilining'inia nywele ndefu. Tuliyaona hayo yote kila siku, tukasema ni uzuri wa pacha! Mwaka baada ya mwaka tulimpeleka kwa dume, hakushika mimba. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi, na mdogo wangu wa mwisho, aliyezoea maziwa, akadhoofika mbele ya macho yetu. Mama akaanza kumpiga Kabange kwa fimbo, akimwita mchawi. Nilimwonea huruma ng'ombe yule, na mama nilimwonea huruma zaidi.

Mwishowe Kabange akaenda kwa mchinjaji. Mchinjaji alipompasua akaita, "Mama, kuja uone. Humu hamuna kizazi." Palikuwa na nyuzi nyembamba tu, kama kamba za viatu. Mama alizitazama. Kisha akasema polepole, "Kumbe nilikuwa namupiga bure."

Nyama ile hakuila, wala hakufuga tena mpaka alipokufa.

Sasa wewe umeniambia ng'ombe wako amezaa dume na jike, na unataka kumuuza mama yao. Nisikilize. Damu za ndama hao huchanganyika tumboni, na jike karibu kila mara huwa tasa, hata dume akifa siku ile ya kuzaliwa. Wachache hupona, kwa hiyo usimhukumu kwa macho tu. Mwite daktari wa mifugo ampime angali mdogo. Njia ya uzazi ikiwa fupi kuliko kawaida, atakuambia. Akisema hatazaa, mnenepeshe umuuze kwa nyama, na fimbo uiweke chini, hana kosa. Waimbie mapacha wako, mimi mwenyewe nitakuja kuimba. Lakini mama yao asitoke zizini kabla hujajua.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na zizi lako. Wanao wasije wakanywa chai ya rangi kwa sababu baba yao aliogopa kuuliza.