Kichwa Kilichomshinda Mkono Pamba

Msusi huyu walimwita Mkono Pamba, na jina hakupewa bure. Wanawake waliosukwa kwingine wakarudi na macho yamevutwa mpaka masikioni, kwake walisinzia kitini, na wengine walikoroma bila aibu. Kichwa kimoja tu kilimshinda mjini kote, nacho kililala nyumbani mwake.

Kidoti, bintiye wa miaka sita, alikuwa na usonji. Daktari alipolitamka neno hilo, msusi alirudi nyumbani akahamishia saluni chumba cha mbele, awe karibu na mwanawe. Mashine ya kukaushia nywele akaitupa uvunguni, maana kelele zake zilimfanya mtoto ajigonge ukutani. Mteja asiyetaka kukaushwa na jua, kwa heri ya kuonana. Wali wa Kidoti ulikaa kwenye sahani yake, mchuzi bakuli lake, na ole wake atakayevichanganya. Maneno mtoto hakuwa nayo, ila mama alimwelewa kwa kumtazama mabega tu. Yote hayo aliyaweza. Lakini aguse nywele, weee! Mayowe yalipanda mpaka majirani wakachungulia. Ikabidi amvizie amelala, amkate kwa mkasi, huku ndefu huku fupi, na wateja wakacheka chinichini: mganga hajigangi.

Basi akaja wifi yake, dada wa mumewe, kapata kazi ya kukanda unga katika kiwanda cha mikate mtaa wa pili. Mwanamke wa mikono minene, akicheka vikombe vinatikisika kabatini. Hana mtoto, hana subira, na kusuka hajui hata mkia wa mbuzi. Akawa anakuja kila Jumapili. Mume akafurahi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Siku moja msusi aliingia na sinia la chai, akamkuta Kidoti kakaa katikati ya magoti ya shangazi yake, kafumba macho, kiganja kinene kimembana utosi, kitana kinapita kichwani taratibu, na mtoto kimya.

"Wifi, njoo uone! Kumbe huyu anapenda kuchanwa!"

"Naona," akajibu.

Aliona, na roho ikamuuma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Tusifichane, ulikuwa wivu. Wengine huona wivu kwa waume zao. Yeye alimwonea wivu wifi kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Miaka yote hiyo ya kukesha na kung'atwa, halafu huyu aje na unga kwenye kucha, achukue bure! Alijua angepaswa kufurahi, na kujua huko kukamzidishia hasira. Akaanza kutafuta sababu: wifi anacheka mno, wifi anamdekeza, unga utamwasha mtoto. Mwishowe akasema, "Wifi, huyu mtoto ana utaratibu wake. Pumzika kwanza kuja."

Wifi si mjinga. "Haya. Mwenye mwana ni wewe," akasema, akajifunga kanga yake akaondoka.

Jumapili iliyofuata msusi aliketi pale pale alipokuwa akiketi wifi, magoti wazi, kitana mkononi. Kidoti akaja mwenyewe, akakaa. Moyo wa mama ukaruka! Akamgusa kwa wepesi wote aliojaliwa, wepesi ambao mji mzima uliusifu. Mtoto akapiga yowe, akamng'ata kiganja, akapokonya kitana, akaenda kusimama mlangoni. Wali ulipoa. Alasiri ilifika. Kasimama tu, macho kwenye njia anayokuja nayo shangazi.

"Mimi ndiye mama yako!" msusi akafoka, na mtoto akaziba masikio.

Umewahi kwenda kumwomba mtu uliyemfukuza? Miguu huwa mizito. Alimshika Kidoti mkono wakaenda kiwandani, ambako wifi siku hizi alichukua zamu za Jumapili. Wakamkuta uani, anapumzika. Wifi akainuka. Alinawa, akaketi juu ya kreti, na Kidoti akaenda moja kwa moja kukaa chini, mbele yake. Wifi akakishika kile kichwa kwa viganja vyote viwili, akakibana.

"He! Unamkandamiza hivyo? Utamuumiza!"

"Mimi upole wa mikono sina, wifi. Nikimpapasa anaruka kama kaona nyoka. Nikimbana, anatulia."

Msusi akatazama mikono yake. Ile mikono iliyomlisha, iliyompa jina, ndiyo iliyomtesa mwanawe siku zote. Na siri hiyo ya kubana ilikuwa mbele ya macho yake Jumapili ile ya sinia. Wivu ulimziba asiione.

Akachukua kitana mkononi mwa Kidoti, akajaribu kubana. Vidole vilivyozoea wepesi vikalegea, na Kidoti akaanza kutikisa kichwa. Wifi akaweka viganja vyake pembeni mwa kile kichwa, akakaza. Mama akagawa nywele, akasuka msuko wa kwanza, kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo. Mtoto kimya. Machozi yalimtoka msusi, akayafuta kwa bega.

Wifi kwa heshima akaondoa mkono mmoja, amwachie mwenyewe. Kidoti akapapasa nyuma, akautafuta ule mkono mnene, akaurudisha kichwani.

Wivu ukampanda tena mama, mtu asikudanganye kwamba hufa siku moja. Akaumeza.

"Uache hapo hapo, wifi," akasema. "Usiutoe. Mimi nasuka."