Mwongeli na Kilele cha Pistoni

Saa tatu asubuhi, Kawangware 56. Mwongeli Nzuki ameinamia injini ya gari la mashindano, ulimi umetoka kidogo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Anaizungusha injini kwa spana, polepole, polepole. Mara spana inakataa.

"Imegusa!" anasema. Watu saba walioacha kazi zao wanasogea karibu.

Kilichogusa ni pistoni. Mwongeli ameitoa matumbo plagi kuukuu, akaipachika bolti ndefu, akaifunga juu ya silinda ili iizuie pistoni kabla haijafika juu kabisa.

Sasa mbona aizuie njiani, naye anachotafuta ni kilele chenyewe? Mama huyu wa miaka 53, mzaliwa wa Kitui, hujibu kwa njia yake.

"Kitendawili!"

"Tega!" wanaitikia.

"Mgeni wangu hupanda ngazi mbio, akifika juu hupumzika, nami sijui alifika saa ngapi."

"Pistoni!" anadakia Annet, muuza chai.

"Haya, leo sikudai mji."

Ndivyo ilivyo. Pistoni ikifika juu hutulia. Injini huendelea kuzunguka kidogo, lakini pistoni unaiona kama imelala. Mafundi wengi huingiza spoki ya baiskeli kwenye tundu la plagi, na spoki ikiacha kupanda wanasema, hapa ndipo. Kumbe wamepitiliza, au hawajafika.

Mwongeli anajua, maana yalimpata. Miaka minane iliyopita alifunga kemshafti, ile nondo yenye nundu inayofungua valvu, kwa kuiamini spoki. Injini ilipowashwa, valvu zikagongana na pistoni.

"Nilisikia ka-ka-ka, halafu kimya," anakumbuka. "Mwenye gari hakunitukana. Alikaa juu ya tairi akashika kichwa. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo hakuna aliyempa injini afungue. Amekula kwa breki na pancha. Siku njema hupata shilingi mia nane. Siku ya mvua hurudi kwake Gatwekera kwa miguu, viatu mkononi.

Basi Alhamisi Austin Muiruri, dereva wa mashindano, akaleta gari lake na kemshafti mpya yenye nundu ndefu kuliko ya kwanza. Valvu zitashuka zaidi. Nafasi itakayobaki kati yazo na pistoni ni nyembamba kama sarafu.

"Mathe, ikiwaka poa, injini ya gari letu la pili ni kazi yako," Austin alimwambia. "Ikigonga, mimi Jumapili sishindani. Na wewe unajua watu wa hapa watasemaje."

Alijua. Hakulala vizuri.

Ndiyo maana leo hana haraka. Mbele ya injini amefunga kifuniko cha sufuria alichokichora nyuzi 360 kwa protrakta ya mjukuu wake, na kando yake waya wenye ncha wa kuonyesha namba. Sifuri ameiweka penye alama ya kiwandani iliyo kwenye puli, gurudumu la mkanda wa injini. Pistoni ilipogusa bolti, kifuniko kilisoma 19. Sasa anaizungusha injini kinyume mpaka iguse tena. Kinasoma 35, upande wa pili wa sifuri.

"Mathe, wacha mambo mingi," anasema Shiundu, fundi wa banda la pili. "Alama ya kampuni si hiyo kwa puli? Ama unashindana na Wajapani?"

Watu wanaangua kicheko.

"Wajapani hawana makosa, baba. Raba ya hii puli imezeeka, ikateleza na alama yao. Kumi na tisa na thelathini na tano ni ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Kata katikati."

"Ishirini na saba." Shiundu anatazama kifuniko, anatazama puli. Kicheko kimemwisha.

"Kilele kiko katikati ya miguso miwili. Alama yenu imekosea nyuzi nane."

"Nane? Na hii kemshafti?" Austin anashika kiuno.

"Ungeokota valvu barabarani kama njugu."

Anasogeza kifuniko mpaka kila upande usome 27. Anarudia mara tatu. Kisha anatoa ile plagi ya bolti, anaipeleka sifuri penye ncha ya waya, na kemshafti inaingia. Anazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima, sikio karibu kabisa na chuma. Hakuna kinachogusa.

"Washa."

Austin anawasha. Injini inakohoa mara moja. Mwongeli amefumba macho. Inakohoa tena, halafu inanguruma, ngurumo nzito ya kukatakata inayotetemesha mabati ya banda zima!

Annet amemwaga chai na hajali. Mtu anapiga mluzi. Shiundu anapaza sauti juu ya kelele zote: "Mathe, nakupa mji! Chukua Mumias yote!"

"Na miwa yake?"

"Na miwa yake!"

Austin anazima gari, anafuta jasho. "Ile ya pili naileta Jumatatu," anasema. "Usimpe mtu mwingine hiyo nafasi."

Jumapili Mwongeli atasimama kando ya uwanja wa mashindano kama fundi wa timu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Lakini kuna kazi anayotaka ifanyike kabla ya hapo. Ameshamwita Billy, mchoraji wa mabango. Bango la banda lake linasema BREKI, OILI, PANCHA, na juu ya maneno hayo pana nafasi iliyopakwa rangi nyeupe.

"Hapo paliandikwa INJINI," anasema. "Nilipafuta mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimemwambia Billy alirudishe hilo neno, na herufi ziwe kubwa kuliko za kwanza."