Meza Isiyo na Pembe

Mama alipopoteza macho alikataa kuhamia kwangu Korogwe. Nyumba yake ya Kwaluguru aliijua kwa miguu, na kulikuwa na jambo moja ambalo hakukubali kabisa kushikwa mkono ili alifanye: kuswali. Hapo alijitegemea, na hilo ndilo lililomfanya ajione bado mtu mzima.

Adui, kwa maoni yangu, alikuwa meza ya sebuleni. Ilikuwa na pembe nne, na kila nilipokwenda nilikuta muundi wa mama una kovu jipya. Mimi ni seremala, na seremala ana kiburi chake. Nikaamua kumtengenezea meza ya duara, isiyo na pembe hata moja.

Nilipasua mninga vipande vyembamba, nikavilowesha kwa maji ya moto na kuvipinda polepole kuzunguka kigogo. Vingi vilikatika. Nilitukana, nikaomba toba, nikaanza upya. Vilivyokubali nilivigandisha kwa gundi, vikikauka napiga msasa. Miguu nayo niliipinda. Ilikuwa kazi ya mwezi mzima, na wateja walinuna.

Nilipoipeleka, mama aliizungushia viganja mara mbili. "Laini," alisema. Kipya kinyemi, niliondoka na ile ya zamani nikijisifu njia nzima.

Siku ya tatu nilirudi kumtazama. Ilikuwa adhuhuri. Nilimkuta kwenye mswala, amesujudu, ameelekea jikoni. Kibla ilikuwa ubavuni mwake. Pale mlangoni nilielewa papo hapo: miaka yote hiyo alikuwa akipapasa ukingo ulionyooka wa meza ile ya zamani, kisha anatandika mswala sambamba nao. Duara halimwelekezi mtu popote.

Alipotoa salamu nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipoileta, mama. Nimekukosea. Niliihurumia miguu yako."

Akaninyooshea mkono nimgeuze, airudie swala. Nilimshika mabega. Yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani, na niliona aibu kubwa kuyashika.

"Mungu anajua nilikuwa namwelekea Yeye," alisema. "Lakini wewe, mwanangu, umepasua mbao mwezi mzima, na hukuniuliza hata mara moja."