Dakika Moja ya Kimya kwa Mama Aliye Hai

Nilipigiwa simu Jumanne alasiri, nikiwa barazani namenya ndizi, nikaambiwa kwamba rafiki yangu wa zamani, aliyekuwa mwakilishi wa wadi yetu huku Suneka, amefariki hospitalini baada ya kuugua kwa muda. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Una hakika?" Aliyenipigia alidhani nimeshtuka, akanipa pole na kuniambia nijikaze. Sikuwa nimeshtuka. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina mazoea ya kumsema marehemu, na watakumbuka kuwa huyu nimewahi kumsifu papa hapa kwenye safu hii bila kumtaja jina, hasa kwa kazi yake ya ualimu. Lakini kuna habari ya kifo aliyonipa yeye mwenyewe wakati mmoja, nikaipokea kwa moyo mweupe, na tangu siku hiyo habari yoyote ya msiba inayotoka nyumba ile huigeuza pande zote mbili kabla ya kuiamini.

Tulifundisha pamoja katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na soko. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha mijadala, na kila Ijumaa ukumbi ulijaa kwa sababu yake. Sheria yake ilikuwa moja tu: asiyefika ameshindwa. Nakumbuka msichana mmoja wa kidato cha pili aliyejifungia bwenini siku ya zamu yake, akisema tumbo linamkata. Mwenzangu alimtuma matroni amlete, akamsimamisha mbele ya wenzake, akakaa karibu naye kwenye kiti cha mbao. "Sema sentensi moja tu, kisha ukae," alimwambia. "Hakuna mtu amewahi kuzikwa kwa sababu ameshindwa kwa mjadala." Msichana alisema moja, akasema ya pili, na mwishowe ilibidi agongewe kengele ndipo anyamaze. Nilimpenda mwenzangu kwa mambo kama hayo. Nilipoanza kuandika safu hii, sauti niliyokuwa nikibishana nayo kichwani ilikuwa yake.

Akaingia siasa, akachaguliwa. Katika muhula wake wa kwanza zahanati ilijengwa, ikaezekwa, ikapakwa rangi, kisha ikafungwa kufuli. Wajawazito wakaendelea kubebwa kwa pikipiki hadi Kisii mjini wakipita mbele ya mlango ule mpya. Uchaguzi ulipokaribia, alijitokeza mpinzani, mama mmoja muuguzi aliyestaafu, ambaye kampeni yake yote ilikuwa swali: ufunguo wa zahanati uko wapi? Rafiki yangu alitangaza redioni, bila kusukumwa na yeyote, kwamba yuko tayari kukutana naye ana kwa ana, mbele ya watu, wajadiliane. Akanipigia simu akicheka. "Mwalimu, wewe ndiye utasimamia. Mimi siogopi mtu, wewe unanijua." Nikakubali mara moja. Nikawaambia watu kanisani na sokoni kwamba waje wamsikie mtu anayejua kujibu. Nilimdhamini kwa jina langu.

Siku ilipofika, ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Muuguzi alikuwa ameketi mapema, mkoba magotini. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Tulikuwa tumeanza kunong'onezana pale ujumbe wake ulipoingia kwenye simu yangu: amefiwa na mama yake mdogo wa Manga, yule aliyemlea baada ya mamake mzazi kufariki, na yuko njiani kwenda huko. Sasa, kwetu Gusii, neno hilo halina swali la nyongeza. Mtu akikwambia amefiwa, unavua kofia. Niliusomea ukumbi ujumbe ule, nikawaomba watu wasimame, tukampa marehemu dakika moja ya kimya. Wazee walisimama, akina mama waliokuja na watoto mgongoni walisimama. Nilimwambia muuguzi kuwa anaweza kuzungumza peke yake, akakataa. "Siwezi kuuliza mtu maswali na yeye ako matanga," alisema. Akaomba aongoze sala. Watu wakatawanyika kimya kimya, huku wakimhurumia mheshimiwa.

Kesho yake tulikwenda Manga kutoa pole, muuguzi na mimi, na sukari na unga na mikate kama ilivyo desturi. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa naimaliza bila kujua. Tuliacha pikipiki barabarani, tukashuka kwa miguu kati ya michai. Hatukuona turubai wala kusikia nyimbo. Tukakutana na mama mmoja mzee akipanda mteremko na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Nilimfahamu, nilikuwa nimekula kwake zaidi ya mara moja. Akatuamkia, "Bwakire," kwa furaha, kisha akatazama tulichobeba. Watu wawili hawaji na unga na sukari namna ile bila sababu. Furaha ikamtoka usoni. "Nani amekufa?" akauliza.

Nilimnong'oneza muuguzi kwamba ndiye. Muuguzi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwapa watu habari mbaya, akamshika mkono. "Mama, tuliambiwa ni wewe."

"Nani aliwaambia?"

Hakungoja jibu; alikwisha kujua. Aliweka kikapu chini, akajifuta mikono kwa leso. Nilidhani atalia au atalaani. Aliingia jikoni, akatuandalia chai kwa ile ile sukari ya matanga yake, akaketi kututazama tukinywa. Kwetu kumtangazia mtu kifo akiwa hai si mzaha. Kuna wanaoamini kwamba ni kukiita. Tulipoaga ndipo alipotoa neno. "Hii maneno usiweke kwa gazeti, omwana one. Mwenye alisema ni mtoto wangu. Ngoja mpaka mmoja wetu aende." Alimaanisha kwamba yeye ndiye angetangulia, bila shaka. Nani angefikiria vinginevyo?

Nilimpigia simu rafiki yangu jioni hiyo. Nilitarajia aibu, au angalau uongo mwingine. Alicheka. "Si amefufuka? Mwalimu, hiyo ni siasa tu. Yule mama angenimaliza na hiyo kufuli yake." Nilikata simu kwa hasira. Kunidanganya mimi ningemsamehe. Alichukua heshima yetu kwa wafu, kitu pekee ambacho bado hatujakiuza, akakigeuza kichaka cha kujifichia. Muuguzi angeweza kulitangaza jambo lile na kushinda uchaguzi. Nilimuuliza kwa nini hafanyi hivyo. "Nikisema, nitakuwa nimemzika yule mama mara ya pili," alinijibu. Alinyamaza, akashindwa. Mheshimiwa akarudi ofisini kwa kura za watu waliomhurumia kwa msiba, na zahanati ikabaki na kufuli yake.

Tangu hapo nimewatazama wanasiasa wetu kwa jicho jingine. Mwite mmoja mahali atakapoulizwa swali, atakuwa na safari, homa au shughuli ya dharura. Mwite matangani, atafika kabla ya jeneza na kushika kipaza sauti mpaka jua lizame, kwa sababu pale hapana wa kunyoosha mkono. Sisi wenyewe tumewazoeza hivyo. Tumewapa jukwaa lisilo na majibizano, kisha tunashangaa kwamba hawajibu.

Rafiki yangu tulimzika Ijumaa. Mmoja wa wasemaji, mheshimiwa kama yeye, alituambia kuwa marehemu hakuwahi kukimbia swali maishani mwake. Watu wakapiga makofi. Muuguzi alikuwa ameketi mistari miwili mbele yangu, na hakugeuza shingo. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, ambako mama wa Manga alikuwa ameketi kwenye mkeka na wenzake. Amezeeka sana, lakini alinijua kwa sauti. Nikamwambia kwamba siku aliyoitaja imefika, ila imekuja kinyume, na nikamuuliza kama naweza kuandika.

"Andika," alisema. Kisha akaniuliza, "Unajua hakurudi kwangu tena?"

Sikujua. Nilidhani waliyamaliza wao kwa wao zamani.

"Tangu hiyo siku. Aliona haya. Alikuwa anatuma watu na vitu, yeye mwenyewe haji. Alisema nimekufa, na kwake nikakufa kweli."

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi nikiwahimiza viongozi wajibu maswali kwa ajili yetu sisi tunaouliza. Sikuwahi kufikiri kwamba anayelikimbia swali moja atalazimika pia kumkimbia kila anayejua alikojificha, hata kama ndiye aliyemlea. Mama alivuta leso mabegani, huku kule mbele kipaza sauti kikiendelea kumsifu mwanawe.

"Angeenda tu ashindwe," alisema. "Jioni angekuja, ningempikia."