Jenereta Isiyonguruma

Jumamosi nikiwa dukani hapa Kakamega, mzee mmoja wa Malinya alikuwa akichagua jenereta kama fahali wa kupigana: alitaka ile inayonguruma kuliko zote. Muuzaji akaichomekea balbu, nayo ikawa inafifia na kuwaka.

"Hii moto wake unarukaruka, inachomanga TV," akaonya, akawasha ya inverta, ile inayotuliza umeme. Balbu ikatulia kabisa. Kelele nazo zikapungua.

Mzee akatega sikio. "Sasa majirani watajuaje tuko na stima?"

"Si wanakujanga kwetu kuangalia mpira?" mkewe aliyekuwa kando yake akadakia. "TV ikiungua, watakuja kukuangalia wewe?"

Mzee akanunua ya inverta. Simcheki. Kwetu Shieywe, hapa mjini, stima ikipotea, heshima ya mtu ni mngurumo wa jenereta yake. Nikitoka, nikamsikia akimnong'oneza muuzaji: "Haina pahali pa kuongeza sauti?"