Fundi Anayepima kwa Macho

Dada yangu anashona nguo bila kumpima mtu. Unasimama mlangoni mwa chumba chake cha cherehani, anakwambia geuka, anakutazama mara moja, basi, anaandika namba kwa chaki pembeni ya meza. Wiki inayofuata gauni linakukaa kama umezaliwa nalo. Watu wanamsifu: Fundi ana kipaji, Fundi ana macho ya ajabu. Nikisikia hivyo natamani kumzaba mtu kibao. Kipaji gani? Alikuwa anapima kwa futi kama mafundi wote, mpaka mlipoanza kuukwepa mkono wake.

Mabaka yalianza akiwa na miaka ishirini na sita. Moja dogo, jeupe, juu ya kidole gumba, halafu mikono yote miwili, shingo, pembe za mdomo. Daktari alimwambia wazi kwamba hayaambukizi wala hayaumi, ni ngozi tu imepoteza rangi yake. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Mtaani hawakumuuliza daktari, wakamwita Madoa. Wateja wakawa wanarudi nyuma futi ikikaribia kiuno. Akawapa futi wajipime wenyewe wamsomee namba. Wakasoma ovyo, nguo zikabana, lawama zikamrudia yeye. Ndipo akajifunza kupima kwa macho. Hakumnunia mtu. Ni mtu wa utani mno yule. "Mwenzenu nina rangi mbili kwa bei ya moja," husema, na wateja hucheka, roho zao zimetulia.

Mimi ni mdogo wake wa pekee. Mama yetu alikuwa mtu wa kuugua ugua, kwa hiyo aliyenibeba mgongoni, akaniogesha, akanisuka, akanifuta kamasi, ni dada. Yeye hakujaliwa mtoto. Nilipopata mimba aliweka kando kazi za watu akashona vinguo mpaka kapu likajaa.

"Mimi sitaki shukrani," aliniambia. "Nataka kumshika tu."

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja kunisaidia kulea. Mwanamke mzuri, simsingizii. Alinipikia, alinifulia, alikesha nami. Siku ya kwanza dada alipobisha hodi, mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, ngozi ya kichanga ni laini. Tujihadhari kidogo."

Nikafyata ulimi. Mimi, niliyemsikia daktari! Nikamwambia dada mtoto ndiyo kwanza kalala. Mara ya pili nikasema ana mafua. Mara ya tatu, kashiba, atacheua. Dada akawa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anamtazama weee, kisha anaaga. Nguo alizoleta zilimkaa mtoto sawasawa kila mwezi, na alikuwa hajamgusa hata kidole.

Siku moja alipitia uani bila kubisha. Nilikuwa nachemsha vile vinguo vyake kwenye sufuria, chupa ya dawa ya kuua vijidudu iko pembeni. Vya dukani nilikuwa nimevifua kwa maji ya kawaida, vinaning'inia kwenye kamba, anaviona. Dada akachungulia sufuria.

"Punguza moto," akasema. "Rangi itachuja."

Akaenda zake. Toka siku hiyo nguo zilikuja zimeshafuliwa, zimepigwa pasi, zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Nimeshazichemsha," ananiambia mlangoni, "usihangaike." Nililia jikoni peke yangu, kilio cha mtu mwoga, na mfuko uliofuata nikaupokea vilevile.

Mama mkwe alirudi kwake, mtoto akiwa na miezi tisa. Kesho yake nikambeba mtoto hadi kwa dada. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yakaniishia mlangoni.

"Dada, mshike," nikasema.

"Atalia. Hanijui."

"Atakuzoea. Wewe ni mama yake mkubwa."

Akafuta mikono kwenye gauni lake, upande huu, upande ule, akarudia. Nikamweka mtoto mapajani mwake. Dada akatulia tuli, mikono iko hewani, haelewi aiweke wapi. Mtoto akamtazama usoni, akaangua kilio, akaninyooshea mikono. Mtoto yeyote hulia, angebembelezwa angenyamaza, nami nilikuwa tayari kungoja hata mpaka jioni. Lakini dada alishaharakisha kumrudisha. Alimshika kwa nguo, chini ya makwapa, akikunja kitambaa vidoleni ili ngozi yake isiguse ya mtoto. Hilo hakujifunza kwa wateja. Nilimfundisha mimi.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Nimemliza."