Mwalimu Tuliyempa Shamba

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka huku nimejishika mdomo kwa aibu. Ni siku niliyosimama mbele ya kijiji kizima, mama kijana mwenye ulimi mwepesi na kitenge kipya, nikasema jambo ambalo kila mtu alilishangilia, kumbe ni upuuzi mtupu. Sikuwa na nia ya kuisimulia. Ila juzi nimewasikia ninyi vijana hapo barazani mkibishana juu ya mishahara ya walimu wa shule za serikali, na mmoja wenu, simtaji maana anajijua, akasema eti walimu waache kulialia, wajiongeze, wafuge kuku, walime. Wee! Nilitaka kutoka jikoni na mwiko mkononi. Hayo ni maneno yangu, niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na sasa kaa chini nikueleze yalinifikisha wapi.

Nilikuwa nimeolewa huku Masoko, na mtoto wangu wa kwanza, Atupele, alikuwa ameingia darasa la sita. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyekuwa amefika sekondari, hata mmoja. Mimi mwenyewe niliishia la nne, nikakabidhiwa jembe. Basi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba Atupele atafika, nikauze hata sufuria. Na kilichonipa jeuri ya kuapa hivyo ni mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Yona, kijana mwembamba kutoka Singida, mpole, asiyejua Kinyakyusa hata cha kuombea maji. Alikotoka mvua ni mgeni wa kusubiriwa. Alipofika huku akaikuta inanyesha asubuhi mpaka jioni, akawa anauliza watu itaisha lini, nasi tunacheka. Lakini darasani, mwanangu, alikuwa moto. Atupele alikuwa akirudi nyumbani anagawanya viazi kwa sehemu, theluthi ya huyu, robo ya yule, mpaka wadogo zake wanalia njaa.

Siku hiyo ninayokwambia mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi. Akatueleza bila kuzunguka kwamba mshahara wa walimu ni mdogo, tena unachelewa, na kwamba Mwalimu Yona ameitwa kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha chai na atakwenda. Akasema wiki inayofuata anakuja mgeni mkubwa kutoka wilayani kusikiliza shida za watu. Alituomba jambo moja tu, kwamba sisi wazazi tumwambie mgeni huyo kwa sauti moja kuwa walimu walipwe malipo ya kumwezesha mtu kuishi, maana mwalimu akijisemea mwenyewe anaonekana mlalamishi.

Ulimi hauna mfupa. Nilisimama kabla mwenyekiti hajaniruhusu.

"Jamani, hapa kwetu nani amewahi kufa njaa? Ardhi hii ukichomeka fimbo inachipua. Mpeni mwalimu shamba la migomba, huo mshahara mkubwa wa nini tena?"

Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Na uelewe ni kwa nini. Kwa Mnyakyusa mtu mwenye migomba hawezi kuitwa maskini. Migomba ndiyo chakula, ndiyo kivuli cha nyumba, ndiyo heshima mgeni akija. Tulidhani tumempa mwalimu kila kitu. Pale pale akakatiwa kipande kizuri karibu na barabara, kikiwa na migomba inayokaribia kuzaa. Mgeni wa wilayani alipokuja tukamwambia kwa majivuno kwamba suala la mwalimu tumelimaliza wenyewe. Akafurahi sana. Akatusifu kwa kujitegemea, akala mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, akaongezewa, akaondoka. Neno la mshahara halikupanda naye gari.

Mwalimu Yona hakwenda kiwandani. Mwanzoni alikata machipukizi ya kuachwa na kuacha ya kukatwa, tukambeza. Lakini mtu aliyezoea kulima kwenye ukame ukimpa udongo wa Rungwe, mwanangu, utamkoma. Mwaka haukuisha shamba lake likawa la kuonyeshwa wageni. Na gari la wanunuzi wa ndizi lilikuwa likipita Jumatano. Jumanne mchana akawa anakwenda kukata mikungu. Jumatano anasubiri gari barabarani na kupatana bei. Alhamisi yuko darasani, ila mgongo umechoka na macho yako dirishani.

Mimi sikuona. Nilikuwa bado nalewa vigelegele vyangu. Mpaka siku moja, Atupele akiwa darasa la saba na mtihani uko mbele, nikafungua daftari lake la hesabu. Mwanzo wa daftari kulikuwa na wino mwekundu kila ukurasa, vema hapa, kosa hapa, rudia hapa. Halafu kurasa zikafuata hazina wino kabisa. Mtoto alikuwa amejisahihisha mwenyewe kwa penseli, na amejipa vema kwenye makosa. Damu ilinipanda. Nilisimama uani nikamtukana Mwalimu Yona kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba ni mvivu, mwizi wa muda wa watoto, tumempa shamba na bado hatosheki.

Sasa hapa lazima nikueleze mila, maana ninyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu. Zamani zetu mke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe. Nikimwona njiani naingia vichakani mpaka apite. Kunisemesha hawezi, nami kumwitikia siwezi. Nyumba zetu zilitenganishwa na migomba tu, lakini nilimjua kwa kikohozi chake. Alikuwa mzee wa maneno machache, na akiwa na la kunifikishia alimwambia ng'ombe wake, kwa sauti, ili mimi nisikie.

Basi nikiwa katikati ya matusi nikamsikia upande wa pili wa migomba, anampapasa ng'ombe, anazungumza naye taratibu.

"Wewe ng'ombe, umeyaona ya dunia? Mtu amenyimwa mshahara, akapewa jembe. Sasa analima, na aliyempa jembe anapiga kelele."

Akakohoa, akaingia ndani. Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye matope. Hata kujitetea sikuweza, maana ningejitetea kwa nani, kwa ng'ombe?

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nilikwenda mpaka shambani kwa mwalimu, saa tatu asubuhi, wakati ambao alipaswa kuwa na akina Atupele. Nilimkuta na panga, suruali imeloa mpaka magotini, mikungu imepangwa barabarani. Aliponiona aliona aibu, akaficha panga nyuma ya mgongo. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa nini. Akanijibu bila hasira, na upole wake ndio uliniumiza.

"Mama Atupele, mshahara wangu unakwisha kwa sabuni, chumvi na ada ya mdogo wangu. Baada ya hapo mgomba ndio unaonilipa. Na mtu huamkia kwa anayemlipa."

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, nami nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kulielewa.

Nikamwendea mwenyekiti nikaomba mkutano mwingine. Kusimama mara ya kwanza kulikuwa rahisi, lakini mara hii ya pili nilisubiri kwanza mwenyekiti aniruhusu. Nikasema wazi kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba tulimpa mwalimu kazi ya pili tukaiita zawadi, na kwamba tulimfunga mdomo yule mgeni kwa ukarimu wetu. Wengine walinicheka. Mmoja akasema mbona leo ulimi umegeuka. Nikamwambia ndiyo, umegeuka, kupotea njia ndiko kujua njia, na aliye na mtoto darasa la saba anifuate. Walinifuata wanawake kumi na wawili!

Ungetuona, mwanangu! Kila Jumanne tulikata sisi, kila Jumatano tukapatana bei na wanunuzi sisi, na wale wanunuzi walitukoma. Tulikuwa tunapita nyuma ya shule na mikungu kichwani, na ndani tunasikia watoto wanaitikia hesabu kwa sauti moja na Mwalimu Yona anawarudisha nyuma wanapokosea. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilimwacha mwenzangu anaongea peke yake njiani ili nisikilize sauti ya Atupele tu. Barua nayo tuliandika kwenda wilayani, kwamba yale tuliyosema siku ile tumeyafuta, shamba si mshahara, walimu walipwe. Nilitia sahihi ya kwanza, kwa herufi kubwa za darasa la nne.

Atupele alichaguliwa. Jina lake lilipobandikwa ukutani nililisoma mwenyewe, nikalisoma tena, nikapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna nyoka. Leo ni muuguzi, unamjua, ndiye aliyekushika ulipozaliwa.

Ningekuwa mwongo ningeishia hapo. Barua yetu haikujibiwa. Na sisi wanawake tulikuwa na mashamba yetu, na watoto, na misiba, tukaanza kuchoka mmoja mmoja. Baada ya mwaka Mwalimu Yona aliaga, akaenda zake kiwandani, na sikuwa na uso wa kumwambia baki. Mwanangu wa pili, Gwakisa, alipofika darasa la saba hakukuwa na mwalimu wa hesabu hata wa dawa. Alikuwa na akili kuliko dada yake, hilo nalisema mbele ya Mungu, na dada yake mwenyewe analisema. Walinyonya ziwa moja, wakala ndizi za shamba moja. Huyu alimkuta mwalimu akafaulu, huyu hakumkuta akafeli. Mpaka leo Gwakisa akiniletea fomu ya benki nimtafutie wa kumjazia, nageuza uso.

Kwa hiyo usiniambie tena wajiongeze. Utasema wapo walimu wavivu. Wapo, na wakulima wavivu wapo pia, nawajua kwa majina. Lakini mvivu utamdai vipi, kama malipo yake wewe mwenyewe unajua hayamtoshi? Utasema serikali ina mengi. Ina mengi, na kila lenye watu wa kulisemea linasikika, lisilosemewa linasubiri. Utasema hata sisi wa chai na ndizi hatupati bei nzuri. Kweli, tusemee na hilo pia, kinywa si kisima kwamba kitakauka.

Jumamosi hii mna mkutano wa kijiji, na nimesikia anakuja mgeni kusikiliza wananchi. Nenda. Usikae nyuma na simu yako. Mpelekee mwalimu wako mkungu wa ndizi wakati wowote unaotaka, nami nitakusifu, kwa sababu zawadi ni upendo. Lakini usikubali kamwe zawadi ikae kwenye kiti cha ujira. Simama, sema mwalimu alipwe vizuri na alipwe kwa wakati, halafu sema ukishalipwa, mwalimu, tutakudai kila kipindi cha kila siku. Wakikushangilia haraka mno, jiulize kwanza umesema nini. Wakikucheka, usikae mpaka umalize.

Mungu akupe ulimi wenye faida, mwanangu, na ujasiri wa kuugeuza ukikosea. Akujalie watoto, na kila mmoja wao, wa kwanza na wa mwisho, amkute mwalimu darasani.